Hiari, Shuruti na Njaa: Askari na Wapagazi wa Ugogo katika Vita Kuu ya Kwanza, 1914–1918

Utangulizi

Uingereza iliingia katika Vita Kuu ya Kwanza mwezi Agosti 1914 ikitegemea jeshi la watu waliojitolea. Januari 1916 Bunge lake lilipitisha sheria ya kuandikisha wanaume jeshini kwa lazima, lakini sheria hiyo ilimpa anayepinga vita kwa dhamiri haki ya kupeleka shauri lake mbele ya baraza. Miezi sita baadaye, mwishoni mwa Julai 1916, majeshi ya Jenerali van Deventer yaliyotokea Kondoa Irangi yaliingia Dodoma. Askari wazungu wa Afrika Kusini waliokuwamo katika majeshi hayo walikuwa wamejiunga kwa hiari. Mkazi wa Zuzu, magharibi mwa Dodoma kando ya Reli ya Kati, hakuwa na baraza la kumsikiliza pale jumbe alipofika kutafuta wapagazi.

Makala haya yanachunguza mpaka baina ya kujitolea na kushurutishwa katika Ugogo wakati wa vita hivyo. Hoja inayotetewa ni kwamba mgawanyo wa "hiari" na "lazima", kama ulivyozoeleka katika maandishi ya historia ya kijeshi, hautoshi kueleza yaliyotokea. Kati ya mawili hayo palikuwa na njaa, na sehemu kubwa ya njaa hiyo ililetwa na majeshi yenyewe.

Askari na mpagazi

Ni kweli kwamba askari wengi wa jeshi la Wajerumani walijiunga kwa hiari. Kazi hiyo ilileta mshahara uliozidi ule wa kibarua, heshima mbele ya raia, na haki ya kuishi kambini na familia. Hata hivyo, hiari hiyo haikuwa sawa na uzalendo. Askari kadhaa waliotekwa au waliotoroka waliingia katika King's African Rifles, na mwaka 1917 kikosi cha sita cha jeshi hilo kiliundwa kwa kuwatumia askari wa zamani wa Wajerumani. Kwa watu hao, uaskari ulikuwa ajira. Mwajiri wa kwanza aliposhindwa, walimtafuta wa pili.

Mpagazi hakuwa na nafasi hiyo. Sababu yake inaonekana katika hesabu ya mzigo. Mpagazi alibeba takriban kilo 25, naye alihitaji takriban kilo 1 ya chakula kwa siku. Katika safari ya siku kumi kwenda na siku kumi kurudi, yeye mwenyewe angekula kilo 20, na mpiganaji angefikiwa na kilo 5 tu. Kusini mwa Reli ya Kati hapakuwa na reli, na wanyama wa mizigo walikufa kwa ndorobo. Kadiri majeshi yalivyosonga mbele, ndivyo idadi ya wapagazi waliohitajika kumlisha askari mmoja ilivyoongezeka. Idadi hiyo haikuweza kupatikana kwa kungoja watu wajitokeze, hasa baada ya habari za vifo kuenea. Kwa sababu hiyo tawala zote mbili, ya Wajerumani na kisha ya Waingereza, zilitumia shuruti. Zilimtaka kiongozi wa mahali atoe idadi fulani ya wanaume, naye akabaki kuamua ni nani aende. Ni dhahiri kwamba vijiji vilivyokuwa karibu na reli vilifikika upesi kuliko vingine.

Vifo vya wapagazi wa upande wa Waingereza peke yao hukadiriwa kufikia takriban 95,000, na wengi wao waliuawa na kuhara damu, malaria na homa ya mapafu. Jina la Kariakoo, linalotokana na kikosi cha wapagazi hao, limebaki Dar es Salaam hadi leo.

Mtunya

Athari ya shuruti hii haikuishia kwa waliochukuliwa. Katika Ugogo mvua ni chache na msimu wa kilimo ni mfupi. Shamba la uwele au mtama lisilopaliliwa kwa wakati halivunwi. Kinga ya pili ilikuwa mifugo: mwaka wa ukame, mwenye ng'ombe alikwenda kuhemea, akabadilisha mnyama kwa nafaka. Vita vilivunja kinga zote mbili kwa pamoja. Majeshi yalichukua wanaume, yakachukua nafaka, yakachukua na ng'ombe. Mvua ziliposhindwa, kaya hazikuwa na akiba wala cha kubadilishana.

Njaa iliyofuata, kati ya 1917 na 1920, inakumbukwa Ugogo kwa jina la Mtunya, ambalo mwanahistoria Gregory Maddox amelifasiri kwa maana ya kinyang'anyiro. Hukadiriwa kwamba watu wapatao 30,000 walikufa katika wilaya ya Dodoma iliyokuwa na watu wapatao 150,000, yaani mmoja katika kila watano.

Mjadala

Fikiria, basi, mwanamume aliyejitokeza mwenyewe kambini mwaka 1917 kuomba mzigo wa kubeba, kwa sababu kambini kulikuwa na posho ya unga. Karani angemwandika kuwa amekuja kwa hiari. Hakufungwa kamba wala hakuletwa na jumbe. Je, alijitolea?

Yawezekana kupinga kwamba njaa huwasukuma watu kazini hata wakati wa amani, na kwamba tukikataa hiari ya mwenye njaa, hatutabakiwa na hiari yoyote katika historia ya kazi. Pingamizi hili lina uzito. Lakini jibu lake limo katika chanzo cha njaa. Aliyekwenda kuhemea kwa jirani katika ukame wa kawaida alikutana na mtu ambaye hakuusababisha ukame huo. Aliyekwenda kambini mwaka 1917 alipokea unga kutoka kwa mamlaka ileile iliyokuwa imechangia kulimaliza ghala lake. Mamlaka inayomwondolea mtu njia nyingine zote, kisha ikampa moja, haiwezi kuihesabu njia hiyo kuwa chaguo lake.

Hitimisho

Makala yameonyesha kwamba uaskari wa hiari Ugogo ulisimama juu ya kazi ya shuruti, na kwamba njaa iliziba pengo palipokosekana vyote viwili. Sanamu ya Askari iliyosimamishwa Dar es Salaam mwaka 1927 inawataja wapagazi katika maandishi yake, lakini umbo lililoinuliwa ni la mwenye bunduki. Ugogo waliliweka kumbukumbu yao mahali pengine. Hawakuvipa vita jina la jenerali wala la pigano. Waliita miaka ile kwa jina la njaa. Mtafiti anayetaka kujua nani alijitolea na nani alilazimishwa hana budi kuanza na jina hilo, kabla ya kuyafungua madaftari ya waandikishaji.