Rejeta Ikivuja Nairobi, Kuna Historia Inamwagika

Wacha niseme kitu na msinikasirikie: ile tabia ya kubeba mtungi wa maji kwa buti ya gari si ujinga. Ni urithi. Shida ni kwamba tumeurithi bila maelezo yake, na sasa unatuulia injini.

Tuanze na jina la jiji. Nairobi limetoka kwa Kimaasai, Enkare Nairobi, maji baridi. Reli ilipofika hapa 1899, maji yalikuwa sababu moja ya kupiga kambi, maana garimoshi la mvuke haliendi bila maji. Yaani mashine kubwa ya kwanza kuingia hii town iliingia na kiu.

Reli ilikuja na mafundi kutoka Punjab, wengi wao Masingasinga, wale wazee wetu waliwaita Kalasinga. Baadaye wengi walifungua gereji. Kuna Joginder Singh, jamaa aliyeanza kama makanika, akashinda Safari Rally 1965 na Volvo iliyokuwa imeshatumika. Alishinda tena 1974 na 1976. Kwa hivyo hii stori ya kuchukua gari ya mkono wa pili na kuifanya ivumilie barabara zetu haikuanza na Probox yako.

Waafrika wengi waliingia gereji kama vibarua wa kushika spana. Hakuna aliyewapa kitabu. Walijifunza kwa macho, kwa sikio na kwa kuchomeka vidole. Halafu wakatoka, wakaweka kazi yao kando ya barabara. Nenda Kirinyaga Road, ile bado tunaita Grogan. Huyo Ewart Grogan alikuwa setla ambaye 1907 aliwachapa Waafrika viboko hadharani mbele ya korti ya Nairobi. Leo barabara iliyobeba jina lake inajulikana kwa spea na mikono ya Waafrika wanaofufua injini. Hiyo peke yake ni somo la historia.

1972, Shirika la Kazi Duniani lilitoa ripoti kuhusu ajira Kenya, na dunia ikaanza kuongea juu ya "sekta isiyo rasmi". Sisi tulikuwa na jina letu: jua kali.

Sasa turudi kwa rejeta. Enzi za Peugeot 404 na 504, rejeta ilikuwa ya shaba. Ikivuja, fundi anaitoa, anaziba midomo, anaingiza upepo na kuizamisha kwa maji. Povu likitokea, hapo ndipo pana tundu. Analehemu, anairudisha, unaenda. Hakuna cha kununua mpya. Katika dunia hiyo, kujaza maji ya mfereji kulikuwa na maana: tundu litazibwa kesho, leo fika nyumbani. Hata kutoa themostati kulikuwa na mantiki yake. Ikikwama imefungwa ukipanda kutoka Westlands, Kangemi, Uthiru hadi Limuru, injini imeisha. Kwa hivyo itoe, maji yazunguke tu.

Halafu ikaja miaka ya 1990. Uchumi ukafunguliwa, gari za mitumba kutoka Japani zikajaa, na yadi za kuuza magari zikapanga foleni Ngong Road. Hizi zilikuja na rejeta ya alumini yenye vichwa vya plastiki. Plastiki hailehemiki. Inazeeka kwa joto, inakuwa kavu, inapasuka pembeni. Na sheria inaruhusu gari lisilozidi miaka 8, kumaanisha ile "mpya" yako inaweza kushuka Mombasa plastiki yake ikiwa imeshachoka.

Fundi akabaki na ujuzi wa shaba mbele ya gari la plastiki. Akatafuta njia: gundi, dawa ya kuziba, wengine hata yai bichi. Yai linaiva ndani na kuziba tundu, ni kweli. Lakini linaziba pia mishipa myembamba ambayo hukutaka izibwe.

Hapa ndipo urithi unageuka sumu. Nairobi iko juu, karibu mita 1,800, na maji matupu huku yanachemka kwa takriban nyuzi 94. Injini inafanya kazi karibu hapo hapo. Kinachokuokoa ni presha inayoshikwa na kifuniko cha rejeta, pamoja na kulanti yenyewe. Kifuniko kikilegea, unachemsha chai. Maji ya mfereji nayo yanakula alumini polepole, pampu ya maji inaanza kudondosha, kichwa cha injini kinapinda, gasketi inaungua. Themostati ikitolewa, kompyuta ya gari inadhani injini bado ni baridi, inaongeza mafuta. Unalipa petroli kila siku kwa sababu ya spea ndogo uliyoitupa.

Wenye magari tunapenda kusema "mafundi wa jua kali ni matapeli". Mimi niliacha chuo, najua vile watu hukuangalia ukikosa karatasi, na nakataa hiyo lugha. Fundi anayesikia pampu mbovu kwa sikio ana elimu. Kilichokosekana ni mtu wa kumwambia vyuma vimebadilika. Ndiyo maana huu mpango wa KNQA wa kutambua ujuzi alioupata mtu kazini ni muhimu, lakini cheti bila mafunzo mapya ni picha tu ya ukuta.

Na sisi wateja tuna deni letu. Tunamlipa fundi kwa kubadilisha kitu, hatumlipi kwa kutafuta tatizo. Kwa hivyo anabadilisha. Siku gari ikianza kupoteza maji, mwambie apime presha injini ikiwa baridi, aangalie mipira, pampu, kifuniko na mshono wa plastiki, kisha mlipe hiyo saa hata kama hajabadilisha chochote.

Mtungi wa buti ubaki wa dharura. Ukiujaza kila asubuhi, hiyo si dharura tena. Wazee wetu walimwaga maji wakijua tundu liko wapi. Wewe lako liko wapi?