Mabishano ya Osiander

Mabishano ya Osiander ni mzozo wa kiteolojia uliowagawa Walutheri wa Prussia kuanzia mwaka 1550 kuhusu maana ya kuhesabiwa haki kwa imani. Kitovu chake kilikuwa Chuo Kikuu cha Königsberg (mji huo leo ni Kaliningrad, Urusi), kilichoanzishwa mwaka 1544 na Albrecht, mtawala wa Prussia.

Andreas Osiander alikuwa mhubiri mashuhuri wa Nürnberg, na mahubiri yake ndiyo yaliyomvuta Albrecht kwenye Matengenezo ya Kanisa. Ndiye pia aliyeandika, bila kutia jina lake, dibaji ya kitabu cha Copernicus cha mwaka 1543. Mwaka 1548 aliihama Nürnberg kwa kuikataa Interim, amri ya Kaisari Karl V iliyorudisha desturi nyingi za Kikatoliki. Albrecht alimpokea, akampa usharika na uprofesa ingawa hakuwa na shahada. Walimu wenzake walikereka, na kinyongo hicho kilitangulia ubishi wa mafundisho.

Tarehe 24 Oktoba 1550 Osiander alitetea hoja zake hadharani chuoni. Alikiri kwamba Kristo alilipia dhambi msalabani, ila hilo aliliita ukombozi, kazi iliyokwisha kutimia zamani. Kupata haki kulikuwa jambo jingine: Kristo, kwa asili yake ya Uungu, huja kukaa ndani ya aaminiye, na Uungu huo ndio haki yake. Msomaji wa Kiswahili huuona mgogoro wote katika kitenzi kimoja. Biblia yetu husema mtu “huhesabiwa” haki, kama anavyohesabiwa mbele ya hakimu. Osiander alitaka “kufanywa” mwenye haki. Alichelea imani isiyombadilisha mtu, na hofu hiyo haikuwa ya kipuuzi. Lakini wapinzani wake waligusa penye uchungu zaidi: aliye kitandani akingoja kufa, akiambiwa atafute haki yake ndani ya moyo wake mwenyewe, atakuta nini? Akielekezwa msalabani, ana pa kushika.

Wanateolojia wa Kilutheri Philipp Melanchthon na Matthias Flacius, waliokuwa mahasimu wakati huo, walijikuta upande mmoja dhidi yake. Francesco Stancaro, mwalimu wa Kiebrania hapo chuoni, alikwenda ncha ya pili na kudai kwamba Kristo ni mpatanishi kwa ubinadamu wake tu. Osiander alifariki Oktoba 1552, lakini mtawala aliendelea kuwalinda wafuasi wake na mwaka uliofuata akamfukuza Joachim Mörlin, mpinzani wao mkuu mjini. Mwaka 1566 upepo uligeuka: Johann Funck, mkwe wa Osiander na mshauri wa Albrecht, alikatwa kichwa, zaidi kwa mashtaka ya kisiasa. Mwaka 1567 Mörlin aliitwa arudi, akafuatana na Martin Chemnitz.

Chemnitz aliyafahamu mabishano hayo kwa karibu, kwani yalipopamba moto alikuwa mtunza maktaba ya Albrecht. Baadaye alikuwa miongoni mwa waandishi wa Fomula ya Konkordia, ungamo la Kilutheri la mwaka 1577, ambayo ibara yake ya tatu inawakataa Osiander na Stancaro kwa pamoja: haki yetu ni utii wa Kristo mzima, Mungu na mwanadamu.

Jina la Osiander lilirudi vinywani katika karne ya 20, Tuomo Mannermaa wa Chuo Kikuu cha Helsinki alipofundisha kwamba kwa Luther mwenyewe Kristo yumo ndani ya imani. Wakosoaji walimwona Osiander amefufuka. Mannermaa alishikilia kwamba kosa la Osiander lilikuwa kuutenga Uungu wa Kristo na ubinadamu wake uliosulubiwa.