Habari za Uvimbe wa Titi

Hapa Kwamndolwa, katika nchi ya Korogwe, tumeona jinsi haya imfanyavyo mwanamke kuficha uvimbe wa titi. Basi yafaa tueleze. Mwaka 1838 tabibu Mdachi, Johannes Müller, aliandika habari za uvimbe usio wa kawaida, akaupa jina la Kiyunani, filodesi, maana yake mfano wa jani. Aghalabu si saratani. Mara chache ni saratani, na huweza kukua upesi. Macho na mikono havitoshi kuubagua: sharti kipande kitazamwe kwa hadubini. Matibabu yake ni kuukata wote pamoja na nyama nzima ya kandokando, usije ukarudi. Hospitali ya Ocean Road, Dar es Salaam, iliyojengwa na Wadachi, ilifanywa taasisi ya saratani mwaka 1996. Enyi walimu, wafundisheni watu: hata uvimbe usiouma uonyeshwe kwa mganga mapema.