Ukimya wa Paka Mzee

Mwaka 1982 mwanafalsafa Bernard Rollin, wa Chuo Kikuu cha Jimbo la Colorado, alitoa ushahidi mbele ya kamati ya Bunge la Marekani. Alitaka sheria iwalazimishe watafiti kuwapa wanyama wa maabara dawa za kutuliza maumivu. Kabla ya hapo alikwenda kutafuta kilichoandikwa na wataalamu kuhusu dawa hizo kwa wanyama hao. Kwa masimulizi yake mwenyewe, aliambulia makala mbili, na moja ilikuwa inasema kwamba makala za namna hiyo zinahitajika.

Nimekutana na mkasa huo mara nyingi katika kuandaa tasnifu yangu ya uzamili. Unachekesha, lakini kicheko hakifiki mbali.

Dawa zilikuwepo. Aspirini ilikuwa sokoni tangu 1899. Kilichokosekana ni kukubali kwamba kuna anayeumia. Wafuasi wa Descartes walishasema katika karne ya 17 kwamba mnyama ni mashine. Wanasayansi wa karne ya 20 hawakusema hivyo waziwazi. Walisema tu kwamba maumivu ya mnyama hayapimiki, kwa hiyo si jambo la kisayansi. Rollin anaeleza kwamba hata usingizi wa upasuaji madaktari wa wanyama waliuita kizuizi cha kemikali, yaani kamba ya aina nyingine. Farasi walihasiwa wakiwa wamechomwa dawa ya kulegeza misuli peke yake. Farasi wa namna hiyo hawezi kuinua hata kope, na maumivu ya kisu anayapata yote.

Akaonekana ametulia.

Waswahili tunasema kufa kikondoo ndiko kufa kiungwana. Methali inamsifu kondoo kwa kunyamaza, na huwezi kumsifu mtu kwa kuvumilia kitu asichokihisi. Nadhani waliotunga methali hiyo walimwelewa kondoo kuliko maprofesa wengi.

Sheria ilipita mwaka 1985. Maabara zikalazimika kushughulikia maumivu, utafiti ukaongezeka, na polepole ukafika kwenye kliniki za mbwa na paka. Mwishoni mwa 1996 Marekani iliidhinisha karprofeni kwa mbwa wenye ugonjwa wa viungo. Ni dawa iliyokuwa imetumika kwanza kwa binadamu.

Paka walichelewa zaidi, kwa kuwa paka mara nyingi hachechemei. Mwaka 2002 watafiti wa Marekani walichapisha uchunguzi wa picha za eksirei za paka 100 waliozidi miaka 12, wakakuta 90 wana dalili za viungo kuchakaa. Wengi wao hakuna aliyewahi kuwashuku. Dalili zenyewe ni za kimyakimya: paka anaacha kuruka, manyoya ya mgongoni yanashikana kwa kuwa hafiki kuyalamba, anashikwa kiunoni anakasirika. Watu husema ni uzee tu.

Nilimsimulia bibi yangu, Tanga, ambaye ana paka mzee asiyepanda tena dirishani. Bibi mwenyewe anaugua baridi yabisi. Jina hilo limebeba tiba ya kale ya Wagiriki na Waarabu: yabisi ni ukavu, na ugonjwa ulielezwa kwa baridi na ukavu wa mwili.

“Kwani na yeye magoti yanamuuma, mjukuu wangu?” aliniuliza. Nikamwambia huenda. Akanyoosha mkono kwenye vidonge vyake vya paracetamol.

“Hapana, bibi, hivyo vitamuua.” Ini la paka haliwezi kuisafisha dawa hiyo, na kidonge kimoja chaweza kutosha.

Daktari tuliyempata alikuwa amezoea ng’ombe. Hata cheo chake kinasema hivyo: daktari wa mifugo. Hata hivyo alimpapasa paka nyonga na viwiko taratibu, akamwandikia meloksikamu ya matone kwa kipimo kidogo, akasema apunguzwe uzito. Bibi aliongeza la kwake. Alichukua kigoda cha mbuzi ya kukunia nazi, akakisukuma hadi chini ya dirisha.