Rees Odhiambo

Rees Odhiambo (alizaliwa Nairobi, Kenya, 23 Septemba 1992) ni mchezaji wa zamani wa futiboli ya Kimarekani. Alicheza katika mstari wa mashambulizi wa timu ya Chuo Kikuu cha Boise State, jimbo la Idaho, na mwaka 2016 alichaguliwa na timu ya kulipwa ya Seattle Seahawks. Ni mmoja wa watu wachache waliozaliwa Afrika Mashariki waliofika ligi kuu ya mchezo huo, yaani NFL, kwa kupitia njia ya kawaida ya vijana wa Kimarekani: timu ya shule ya sekondari, ufadhili wa chuo kikuu, miaka ya kusubiri benchi, halafu nafasi katika kikosi cha kwanza.

Jina na utoto

Odhiambo ni jina la Kijaluo. Hupewa mtoto wa kiume aliyezaliwa alasiri kuelekea jioni. Wa kike huitwa Adhiambo. Alihamia Marekani akiwa bado mtoto na kukulia katika jimbo la Texas. Baba yake alifariki yeye akiwa mdogo, na mama yake naye akafariki kabla kijana hajaingia chuo kikuu. Kwa hiyo ufadhili wa masomo alioupata kwa njia ya mchezo ulikuwa ndiyo njia yake ya kusoma na kuishi. Msomaji akumbuke jambo hilo anapofika kwenye habari za majeraha hapa chini.

Kazi ya mchezaji wa mstari

Wasomaji wengi wa Kiswahili wameona futiboli ya Kimarekani kwenye filamu tu, na wanachokumbuka ni mtu anayekimbia na mpira. Odhiambo hakuwa mtu huyo, na kwa kawaida kanuni hazikumruhusu kuwa yeye.

Kila timu ina wachezaji 11 uwanjani. Timu yenye mpira hujaribu kusonga mbele katika uwanja wenye urefu wa yadi 100 (karibu mita 91), nayo hupewa majaribio manne kila mara kupata yadi 10. Watano kati ya hao 11 husimama kwenye mstari wakitazamana na wapinzani. Wa katikati ni senta, ambaye huanzisha mchezo kwa kupitisha mpira nyuma katikati ya miguu yake. Kila upande wake yuko gadi, na nje ya gadi yuko mchezaji wa pembe. Huitwa mstari wa mashambulizi kwa sababu ni wa timu inayoshambulia, lakini kazi yao yenyewe ni kulinda na kusukuma. Humlinda kwotabeki, yaani mpigaji pasi, asiangushwe, na humfungulia njia anayekimbia na mpira. Hawaruhusiwi kupokea pasi ya mbele isipokuwa katika hali chache zilizotajwa na kanuni. Wakimshika mpinzani isivyo halali timu hurudishwa yadi 10, na wakitikisika kabla ya mpira kuanzishwa hurudishwa yadi 5.

Pembe ya kushoto ndiyo nafasi inayoogopwa zaidi. Makwotabeki wengi hutumia mkono wa kulia, hivyo wanapojiandaa kurusha huwa wameupa mgongo upande wa kushoto. Adui anayetoka huko hawamwoni. Anayewalinda ni mchezaji wa pembe ya kushoto, naye hukabiliana na mkimbiaji mwenye kasi kuliko yeye huku akirudi kinyumenyume.

Jambo jingine la pekee ni kwamba mchezaji wa mstari hana takwimu za kujivunia. Mkimbiaji huhesabiwa yadi na mabao. Kwa mchezaji wa mstari kumbukumbu rasmi huandika mechi alizocheza na mechi alizoanza, basi. Kosa lake huonekana na uwanja mzima, ila kazi yake nzuri huandikwa kwa jina la mwingine. Ndiyo maana kwa wachezaji hawa neno “kuanza”, yaani kuwamo katika kikosi cha kwanza, lina uzito mkubwa kuliko kwa nafasi nyingine yoyote.

Sekondari Texas

Huko Texas mpira wa sekondari ni jambo la mji mzima. Mechi huchezwa Ijumaa usiku, Jumamosi ni siku ya vyuo vikuu, na Jumapili ni ya ligi ya kulipwa. Mwaka 2012 mji wa Allen ulifungua uwanja wa shule wenye viti 18,000 uliogharimu karibu dola milioni 60. Mtu aliyezoea kuona UMISSETA ikichezwa kwenye kiwanja cha vumbi, chini ya mwembe, inabidi aisome namba hiyo mara mbili.

Mashindano ya shule za serikali za jimbo hilo husimamiwa na chombo kiitwacho University Interscholastic League, kilichoanza mwaka 1910. Tangu 1984 Texas ina kanuni inayomzuia mwanafunzi aliyefeli somo asicheze mpaka ajirekebishe. Mwalimu yeyote atatambua kwamba kanuni hiyo ni rahisi kuitunga kuliko kuisimamia, hasa wiki ya mechi kubwa. Hata hivyo ipo, na kijana anayetaka kwenda mbali hana budi kuitii, kwa sababu vyuo vikuu vina masharti yao juu yake. Chama cha michezo ya vyuo, NCAA, hudai masomo 16 ya msingi pamoja na wastani wa alama unaotosha.

Maskauti wa vyuo huwatazama wachezaji wa mstari kwa jicho tofauti. Kijana wa miaka 17 mwenye mbio anaweza kuwa tayari kwa chuo. Wa mstari karibu kamwe hayuko tayari, kwa kuwa atakutana na watu wazima wa miaka 22 wenye kilo 130 na zaidi. Kocha hachagui alivyo sasa bali atakavyokuwa baada ya miaka mitatu. Hutazama urefu, upana wa mabega, urefu wa mikono na wepesi wa miguu. Kilo zitaongezwa baadaye kwa chakula na kunyanyua vyuma. Kwa sababu hiyo wengi hubadilishwa nafasi wakifika. Matt Paradis, aliyekuwa senta wa Boise State katika miaka ya mwanzo ya Odhiambo, alianza chuoni hapo kama mchezaji wa mstari wa ulinzi, tena bila ufadhili. Alitoka Council, kijiji cha Idaho ambako shule ilikuwa na wanafunzi wachache hata ikacheza mpira wa watu wanane.

Odhiambo alijiunga na Boise State mwaka 2011. Siku hizo kila chuo cha daraja la juu kiliruhusiwa kuwa na ufadhili kamili 85 katika timu ya futiboli, yaani karo, malazi, chakula na vitabu.

Mwaka wa kukaa nje

Boise ni mji mkuu wa Idaho, mbali sana na Texas, wenye baridi kali na theluji. Timu yake, Broncos, hujulikana kote Marekani kwa uwanja wenye nyasi bandia za rangi ya buluu, zilizotandikwa mara ya kwanza mwaka 1986. Mwaka aliofika Odhiambo ndio mwaka chuo kilipojiunga na kundi la Mountain West. Kocha mkuu alikuwa Chris Petersen.

Mwaka wa kwanza hakucheza. Kanuni za wakati huo zilimpa mwanafunzi miaka mitano chuoni ili acheze misimu minne, na aliyetaka kuuhifadhi msimu hakutakiwa kugusa mechi hata moja. Wamarekani huuita mwaka huo “shati jekundu”. Tangu 2018 kanuni imelegezwa, na mchezaji anaweza kushiriki hadi mechi nne bila kupoteza msimu.

Mwaka huo si mapumziko. Kijana huamka alfajiri kwenda kwenye vyuma, huingia darasani, halafu jioni hucheza katika timu ya mazoezi inayoiga mtindo wa mpinzani wa wiki hiyo, ili kikosi cha kwanza kipate mtu wa kumsukuma. Anakula mara tano au sita kwa siku. Anajifunza kitabu cha mipango chenye mamia ya michoro, kwa kuwa katika mstari watu watano lazima waamue jambo moja katika sekunde mbili: senta anaita, gadi anarudia, wa pembe anahama. Mmoja akikosea, wanne waliopatia hawasaidii kitu. Miguu nayo hufundishwa upya. Kumzuia mtu anayekuja kasi huku wewe unarudi nyuma, magoti yamekunjwa, mikono ikilenga kifuani mwake na isitoke nje ya mabega, ni kitendo ambacho mwili hauzaliwi nacho.

Jumamosi, mechi inapochezwa, kijana huyo husimama pembeni akiwa na nguo safi. Wengi huachia hapo. Wengine hurudi nyumbani au huhamia chuo kidogo.

Kuingia kikosi cha kwanza

Msimu wa 2012 Odhiambo alianza kuhesabiwa mchezaji, na mwaka 2013 akaanza kupata nafasi. Mbele yake kulikuwa na watu. Pembe ya kushoto ilishikwa na Charles Leno, ambaye pamoja na Paradis alichaguliwa na timu za NFL mwaka 2014, Leno akienda Chicago Bears na Paradis Denver Broncos. Kwa mchezaji wa mstari hii ndiyo hali ya kawaida: haingii kwa kumshinda aliyepo, bali kwa kuwa tayari siku aliyepo anapohitimu.

Kulikuwa na kikwazo kingine. Desemba 2013 Petersen aliondoka kwenda Chuo Kikuu cha Washington, na Bryan Harsin akachukua timu. Kocha mpya haamini sifa zilizoandikwa na kocha wa zamani, na kila mtu huanza upya. Odhiambo alipita mtihani huo akawa mchezaji wa pembe ya kushoto, miaka mitatu baada ya kufika.

Msimu huo wa 2014 ulikuwa mmoja wa misimu bora ya Boise State. Ilishinda mechi 12 na kupoteza 2, ikatwaa ubingwa wa Mountain West, na tarehe 31 Desemba ikaifunga Arizona 38–30 katika Fiesta Bowl. Mkimbiaji wake Jay Ajayi, aliyezaliwa London kwa wazazi wa Nigeria, alikimbia yadi 1,823 na kupata mabao 28 kwa kukimbia. Namba hizo zimeandikwa kwa jina la Ajayi peke yake, ingawa hakuna yadi kati ya hizo iliyopatikana bila mtu wa mstari kumsogeza mwingine.

Majeraha

Odhiambo hakuwahi kumaliza msimu mzima wa chuo akiwa mchezaji wa kikosi cha kwanza. Kila mara majeraha yalimtoa. Mwaka 2015, msimu wake wa mwisho, aliumia kifundo cha mguu katikati ya ratiba na hakurudi tena uwanjani kwa Boise State.

Uzito ndio unaoeleza mengi hapa. Alikuwa na urefu wa karibu mita 1.93 na kilo zipatazo 140. Watu kumi wa ukubwa huo hugongana zaidi ya mara 60 katika mechi moja, na mara nyingi anayeumia si aliyegongwa bali aliyeangukiwa miguu kwa nyuma. Mchezaji wa aina hii, asiye na wazazi wa kumrudia, aliyebakiza miezi michache chuoni, alikuwa na jambo moja tu la kuwaonyesha waajiri: mikanda ya video ya mechi alizowahi kuanza. Ikatosha.

Ligi ya kulipwa

Tarehe 29 Aprili 2016, katika drafti iliyofanyika Chicago, Seattle Seahawks walimchagua katika raundi ya tatu, akiwa wa 97 kwa jumla. Walimtazamia acheze gadi, na mwaka wa kwanza alikuwa zaidi mchezaji wa akiba.

Agosti 2017 George Fant, aliyetarajiwa kucheza pembe ya kushoto, aliumia goti katika mechi ya maandalizi. Odhiambo akapewa nafasi hiyo, akimlinda kwotabeki Russell Wilson. Alianza mechi 7 za kwanza za msimu. Baada ya mechi dhidi ya Indianapolis Colts, tarehe 1 Oktoba, alipelekwa hospitali kwa jeraha la kifuani, kisha akarudi kucheza. Lakini Seattle haikuridhika na ulinzi wa upande huo. Tarehe 29 Oktoba ilicheza na Houston Texans na kushinda 41–38. Kesho yake ikamnunua kutoka kwa Texans hao hao Duane Brown, mchezaji mzoefu wa pembe ya kushoto. Mwaka 2018 Seahawks walimwacha Odhiambo.

Wengine kutoka Afrika Mashariki

Mkenya Daniel Adongo alifika NFL kabla yake, lakini kwa njia tofauti kabisa: alitoka kwenye raga, hakucheza chuo chochote cha Marekani, na mwaka 2013 alisajiliwa na Indianapolis Colts. Mathias Kiwanuka, aliyezaliwa Indianapolis mwaka 1983, ni mjukuu wa Benedicto Kiwanuka, waziri mkuu wa kwanza wa Uganda. Alisoma Boston College na kuchaguliwa na New York Giants mwaka 2006 akiwa wa 32, wa mwisho katika raundi ya kwanza. Yeye alicheza upande wa ulinzi, yaani ndiye aina ya mtu ambaye Odhiambo alifundishwa miaka mitano jinsi ya kumzuia.