Kobe wa Changuu

Katika mwaka 1919 waliwasili Unguja kobe wanne wakubwa wa asili ya Aldabra, hidaya ya gavana wa Kiingereza wa Shelisheli (na hidaya nzito hiyo, kwa wapagazi wa bandarini!), wakawekwa Changuu, kisiwa ambacho gereza lake lilikuwa limekwisha kugeuzwa karantini. Wakazaana, lakini wezi nao wakawatamani, hata ikalazimu watoto watengwe uani. Na mtoto wa kobe, akihamishwa, hujikunyata gambani akasusa chakula siku kadhaa, wala hataki kushikwashikwa; dawa yake ni jua la asubuhi, kivuli cha kujistiri, maji ya kina kidogo, na majani mabichi yaliyokatwakatwa, yawekwe pale pale kila siku, hata atoe kichwa kwa hiari yake.