Bunduki Iliyobadilishiwa Risasi: Habari ya Silaha za Taveta na Voi

Tarehe 15 Agosti 1914, majeshi ya Wajerumani yalipovuka mpaka na kuitwaa Taveta, wengi katika askari wa Kiafrika waliokuwa katika utumishi wa serikali ya Dar es Salaam walichukua mabegani bunduki ambayo huko Ujerumani kwenyewe ilikuwa imekwisha kupitwa na wakati: Mauser ya mwaka 1871, bunduki ya komeo ipokeayo risasi moja kwa mara moja, yenye kasiba ya milimita 11 na yenye kutumia baruti nyeusi. Mwenye kusoma habari za vita vya Taita na Taveta katika vitabu vya majemadari huona majina ya vilima na hesabu ya waliokufa. Aghalabu haoni lile jambo lililomshughulisha askari alfajiri na jioni, nalo ni kama risasi iliyomo mfukoni mwake itaingia katika bunduki iliyo mkononi mwake.

Baruti nyeusi ilikuwa na aibu moja isiyositirika. Kila mfyatuo ulitoa wingu jeupe la moshi, na wingu hilo likapanda juu ya vichaka vya nyika likamwonyesha adui mahali hasa alipojificha mpigaji, ilhali askari wa upande wa pili, aliyetumia baruti isiyo na moshi, alipiga akabaki hajulikani alipo. Ni kweli kwamba donge lile la gramu 25 lilikuwa na kishindo kikubwa katika msitu wa karibu. Lakini katika tambarare kati ya Mbuyuni na Salaita, ambako jicho huona mbali, faida hiyo haikufidia hasara ya moshi.

Msomaji ataweza kuuliza: madhali bunduki zilikuwako kwa maelfu, mbona hazikubadilishwa zikapokea risasi mpya? Jawabu lake ndilo msingi wa kazi yote ya mafundi wa bunduki. Kubadili risasi si kubadili tundu la kasiba peke yake. Chumba kinachopokea ganda hakina budi kuchongwa upya kwa umbo la ganda jipya; uso wa komeo lazima ulingane na kitako cha ganda; kijino kinachovuta ganda tupu kiweze kulishika; na, kama bunduki ni ya risasi nyingi, ghala lake liwe na urefu wa kutosha. Fauka ya hayo, nafasi baina ya komeo na kikalio cha risasi ikizidi kwa unene wa karatasi chache tu, ganda huweza kupasuka na moto wake ukamrudia mpigaji usoni. Lakini lililo kubwa kuliko yote ni nguvu ya mtambo wenyewe. Komeo la Mauser ya 1871 lilizuiliwa kwa shina la mkono wake tu, nalo lilitosha kwa baruti nyeusi. Lau lingetiwa risasi ya baruti mpya, yenye msukumo uliozidi maradufu, lingekuwa hatari kwa mwenyewe kabla ya kuwa hatari kwa adui. Mwingereza aliwahi kufaulu katika jambo kama hili alipotwaa Martini-Henry zake, ambazo hazikuwa na komeo bali wenzo chini ya mtambo, akazitia kasiba mpya zikapokea risasi ya .303, lakini Mjerumani katika Afrika ya Mashariki hakuwa na kiwanda wala wasaa wa kufanya hivyo. Ilimlazimu kupata bunduki nyingine kabisa.

Akazipata kwa njia mbili. Ya kwanza ilikuwa ngawira: katika vita vya Tanga, Novemba 1914, aliteka bunduki 455 na risasi zaidi ya nusu milioni. Ya pili ilikuwa bahari. Tarehe 14 Aprili 1915 meli Rubens, iliyojidai kuwa ni meli ya Wadenmark iitwayo Kronborg, ilikimbilia ghuba ya Manza, kaskazini ya Tanga, huku manowari Hyacinth ikiipiga mizinga. Meli ikazama katika kina kidogo, na shehena yake ikaopolewa: bunduki zipatazo 1,800 za Mauser ya 1898 na risasi mamilioni zilizolowa maji ya chumvi. Risasi hizo zilifunguliwa kwa mikono, baruti ikaanikwa juani, maganda yakasuguliwa, kisha zikafungwa tena. Mimi nahesabu subira ya mikono ile, ambayo hakuna aliyeandika majina ya wenyewe, kuwa ni katika kazi kubwa za vita vile, sawa na ushujaa wowote wa kilimani.

Upande wa pili ulikuwa na neema ya reli. Njia ya chuma iliyojengwa kwa haraka kutoka Voi tangu mwaka 1915, ikapita Maktau na Mbuyuni, ilileta masanduku ya risasi za namna moja kwa jeshi zima. Haikuleta ushindi wa papo hapo, kwani tarehe 12 Februari 1916 Waafrika Kusini walirudishwa nyuma katika kilima cha Salaita. Lakini mwezi mmoja baadaye, baada ya mapigano ya Latema na Reata, Taveta ilikuwa imekwisha kurudi mikononi mwa Waingereza. Wala haifai kupita hapa bila kuwataja watu wa Kasighau, ambao mwaka 1915 walishukiwa kuwasaidia Wajerumani, wakahamishwa kwa nguvu hadi Malindi, na wengi wao wakafia huko; dhuluma hiyo haikufanywa kwa risasi, lakini ni ya vita hivyo hivyo.

Upungufu wa risasi ulimfuata Mjerumani hadi mwisho. Huko Ngomano, kwenye mto Ruvuma, tarehe 25 Novemba 1917, askari wake walitwaa kambi ya Wareno na wakajivika silaha zao, zikiwemo bunduki za Mauser-Vergueiro za milimita 6.5, na walipoweka silaha chini Abercorn mwaka mmoja baadaye, bunduki walizokabidhi zilikuwa za Kiingereza na za Kireno. Wareno nao, walipochagua risasi ya Kijerumani ya milimita 7.92 katika miaka ya 1930, hawakuzitupa zile Vergueiro: mwaka 1939 walizifupisha na kuzibadilisha zipokee risasi ileile ambayo Mjerumani wa Ngomano aliikosa. Mtambo wake uliweza kustahimili; ule wa 1871 usingeweza.

Hata hivyo kazi ya kubadili risasi ilipata makao yake makubwa katika uwindaji, wala si katika vita. Mwaka 1905 fundi Otto Bock wa Berlin alibuni risasi ya milimita 9.3 yenye ganda la milimita 62, akakipima kitako chake kilingane na kile cha risasi ya jeshi, hata Mauser ya kawaida ikatosha kwa kupewa kasiba mpya na matengenezo machache. Alikusudia walowezi wa makoloni ya Kijerumani ya Afrika, watu waliotaka bunduki ya bei nafuu iwezayo kumsimamisha nyati. Kampuni ya Westley Richards ya Uingereza ilifanya hila kama hiyo katika risasi yake ya .425, ikiupunguza ukingo wa ganda ili komeo la kawaida lilishike ganda nene. Kwa akili yangu, Bock aliwashinda wote, kwa kuwa alianza na mtambo uliokuwapo mikononi mwa watu, akaitafutia risasi njia ya kuingia humo.

Nyika ya Voi iliziona silaha za namna hii katika zama za safari za wageni matajiri. Denys Finch Hatton, aliyewatafutia wawindaji tembo kutoka angani, alifariki hapo Voi tarehe 14 Mei 1931 ndege yake ilipoanguka, pamoja na mtumishi wake Kamau. Mbele ya hao wote, Wawata walikwisha kuwinda tembo katika nyika hiyo kwa upinde mzito na mshale wa sumu, bila kuhitaji kasiba wala baruti ya mtu yeyote. Mwaka 1948 sehemu kubwa ya nyika ikawa hifadhi ya Tsavo, na mwaka 1977 serikali ya Kenya ikapiga marufuku uwindaji, soko la kazi ile likafungwa.

Yaliyobaki ni maganda ya shaba katika udongo wa Salaita, Maktau na Mbuyuni. Ganda la .303 lina ukingo uliojitokeza. La Mauser ya 1898 halina. La Mauser ya 1871 ni pana kuliko yote mawili. Likiwa mahali lilipoanguka, ganda huonyesha nani alisimama pale na kwa silaha gani. Likiisha kuuzwa kwa mtalii ni kipande cha shaba tu. Nawasihi walimu na vijana wa Taita Taveta: mwenye kuona ganda tupu, aandike jina la kilima, upande wa mteremko na tarehe, kisha awape habari watu wa makumbusho, na mwenye kuona risasi nzima asiiguse kamwe, bali awaite polisi.